Albamu ya Mama Ilipoingia Kwenye Kompyuta

Enzi zetu pale Gitothua, mgeni hakuachwa akitazama ukuta. Alipewa albamu. Mama alimwekea magotini, kisha akaenda kuwasha jiko. Hadi chai ichemke, mgeni alikuwa ameshatujua wote: mimi nikilia kwenye ubatizo, kaka yangu Kimani ndani ya suruali ya kuazima, na Baba akiwa studio huko Thika, mbele ya pazia lililochorwa ndege. Baba hakuwahi kupanda ndege maishani, lakini alisimama kama rubani aliyecheleweshwa na abiria.

Picha ilikuwa jambo la heshima. Tulipakwa mafuta mpaka nzi wakateleza, na mpiga picha alipopaza sauti, "Msipepese!" tulikaza macho hadi yakatoka machozi. Siku hizi kijana anapiga chipsi zake picha kumi kabla ya kuzila, utadhani zinasafiri ng'ambo.

Baba alipofariki, Kimani alikuwa amehamia Membley na kuanza kuongea kama mtu wa semina. Akatangaza kwamba karatasi zimepitwa na wakati, na kwamba picha zetu sasa zitahifadhiwa milele. Akaziskani zote kwa programu fulani aliyoisifia sana. Halafu, kwa vile anapenda usafi, akaichoma albamu pamoja na matawi ya ua. Tulimpigia makofi. Hata mimi nilipiga.

Milele ilidumu miaka sita. Kampuni yenye ile programu ilifungwa, na faili zake hazikuweza kusomwa na programu nyingine yoyote. Fundi wa kompyuta mjini Ruiru alijaribu asubuhi nzima, kisha akatikisa kichwa.

"Angesevu kwa fomati ya wazi, ile kila kompyuta inasoma," alisema. "Hii ni kama kufungia vitu kwa sefu, na mwenye ufunguo amehama Kenya."

Mama hakujali mambo ya fomati. Aliitazama skrini tupu, akamgeukia kaka yangu.

"Kimani, baba yako ako wapi? Mimi nimeanza kusahau uso wake."

Niliumia sana. Kimani, na semina zake zote, alianza kuifuta skrini kwa mkono wa shati.

Nikampigia simu kila mtu aliyewahi kunywa chai kwetu, nikiuliza kama ana picha yoyote ya Baba. Wengi walitupa pole tu. Ndipo Jumamosi moja akaja Mama Atieno, jirani wetu wa zamani ambaye sasa anaishi Kahawa Sukari. Alikohoa, akafungua Biblia yake, akatoa picha.

"Mama Kimani, unisamehe. Nilichomoa hii ukiwa jikoni. Nilipenda vile mzee alikuwa amesimama."

Alikuwa Baba, na ndege yake. Mama alimwita mwizi, akamkumbatia, akalia, kisha akamwita mwizi tena. Fundi aliiskani kwa fomati ya wazi, akatupatia sote nakala, lakini ile ya karatasi Mama hakuiachia hata dakika moja.

Mimi nina maelfu ya picha za watoto wangu kwenye simu. Mgeni akija anaomba paswedi ya waifai, anainama, na chai inamkuta vivyo hivyo. Juzi nilichapisha picha chache, nikaziweka kwenye albamu mpya mezani, nikajichelewesha jikoni makusudi mpaka wageni wakadhani nimelala. Walipoondoka nilizihesabu. Zilikuwepo zote, hakuna aliyechomoa hata moja, na roho iliniuma.