Sahani ya Nasimiyu

Nilisikia kijiko. Kijiko kikigonga sahani ya bati, polepole, usiku umeenda, hapa kwetu Tuwan, Kitale, na baba Shiru yuko kazini zamu ya usiku, kwa hivyo nyumbani ni mimi na mtoto tu. Nikatoka kitandani bila viatu. Shiru wangu, miaka minne, ameketi mezani, sahani mbili mbele yake, na kile kitabu cha picha alichoazimwa na mwalimu wa nasari kimefunguliwa katikati, penye msichana anayemwandalia chai rafiki asiyeonekana.

"Shhh, Mama. Anakula."

Kiti cha pili kilikuwa kitupu, lakini nilielewa, maana mchezo huo niliucheza mimi kwanza.

Nilipokuwa mtoto wa kimo chake, tuliishi kwa Kukhu, nyanya yangu, upande wa Bungoma, kando ya barabara ya kupanda Cheptais. Sikuwa na kitabu cha picha. Kitabu nilichojua ni Biblia ya mama, na hicho hakiguswi. Lakini rafiki nilikuwa naye. Alikaa jikoni upande wa kuni, nikimmegea ugali na kumwekea kando ya sahani yangu, nikiongea naye mpaka mama akachoka. Siku moja mama akainua mwiko. "Leo hayo mapepo yatakutoka!" Ndipo Kukhu akaingia na ndoo ya maji kichwani, akaitua taratibu, akaushika ule mkono wenye mwiko.

"Mtoto hachapwi kwa sababu ya mgeni," alisema. Akaniinamia. "Huyo mwenzako anaitwa nani?"

"Nasimiyu."

Sasa, ukiita Nasimiyu sokoni Bungoma nusu ya soko itageuka. Ni jina la msichana aliyezaliwa kiangazi, liko kila boma, pengine nililiokota kisimani. Lakini Kukhu alikaa juu ya kuni kama mtu aliyesukumwa. Nasimiyu alikuwa kitinda mimba wake, aliyekufa mdogo, na tangu mazishi hakuna mtoto aliyepewa jina lake. Kwetu aliyekufa hutafuta mtu wa kuitwa jina lake. Ndiyo maana mtoto mchanga akikataa kunyamaza, wazee humtajia majina ya waliotangulia, moja baada ya jingine, hadi atulie. Mimi nilibatizwa Grace haraka haraka, na wazee hawakupewa nafasi ya kunitajia yeyote.

Jioni hiyo Kukhu alichinja jogoo, akanilisha kutoka sahani moja ya bati kwa mkono wake, akaniita Nasimiyu mbele ya wote. Rafiki yangu hakurudi jikoni tena. Nilimlilia sana. Kukhu akanipangusa kamasi kwa leso yake. "Aliyeitwa habishi mlango," aliniambia. "Lakini jina hili lisipotajwa, atakuja kulidai kwa mtoto wako."

Mama hakuliandika popote. Kukhu peke yake ndiye aliyeniita hivyo, na alipofariki hakubaki wa kuniita.

Kwa hivyo usiku ule wa kijiko nikamuuliza Shiru rafiki yake anaitwa nani.

"Kwa kitabu hana jina," akasema, bila hata kuniangalia. "Jina lake uko nalo wewe, Mama."

Sikulala. Kulipokucha nikampigia mama mkwe simu, woga umenishinda, na kabla ya saa sita alikuwa amefika kutoka Kiminini. Akafungua kitabu, akafunua kurasa, akasonya.

"Mama Shiru, hii ndiyo masomo siku hizi? Kupikia viti chai? Jumapili huyu anaombewa mbele ya kanisa lote. Na hiki kinaingia jikoni, kiwashe moto." Akampakata Shiru. Watu wa mume wangu walitoka mkoa wa Kati, na kwao binti wa kwanza huitwa jina la mama ya baba, kwa hivyo yeye na mtoto wote wawili ni Wanjiru; Shiru ni kifupi tu. "Huyu ni mimi. Na mimi siongei na mashetani."

Shiru akaanza kulia, kilio kile cha bila sauti, akiangalia kiti kitupu. Nikauona mwiko wa mama juu ya kichwa changu. Sijui mkono wangu uliondokaje, lakini kitabu kilikuwa kifuani mwangu na mimi nimesimama mlangoni.

"Hakichomwi, Mama. Na Shiru haendi kuombewa. Jina linalotafutwa ni langu. Mimi ni Nasimiyu."

"Ati nani?"

"Nasimiyu. Nyanya yangu alinipa."

"Kijana wangu alinionyesha Grace! Kumbe ameoa watu wawili kwa mahari ya mmoja?"

Sikutoka mlangoni. "Mama, na wewe ukienda, kusiwe na mtoto hata mmoja wa kuitwa Wanjiru, utatulia huko?"

Akamwangalia Shiru, akaniangalia mimi, akavuta kile kiti kitupu na kukikalia.

"Haya basi, Nasimiyu," akasema, kwa kejeli kabisa, lakini alilitaja, "chai iko wapi?"

Shiru akaacha kulia. Akateremka, akachukua ile sahani ya pili, akaipeleka mwenyewe kwenye karai la vyombo.

Sijui ni binti ya Kukhu aliyefika Tuwan, ama ni mtoto mpweke tu na kitabu kizuri. Kitabu kinasema rafiki wa namna hiyo hufifia msichana akikua. Kukhu angeuliza, amefifia akaenda wapi, bila jina? Mimi bado naogopa, bado nasikiliza kijiko. Ila mtoto wangu hatachapwa wala kuaibishwa kanisani kwa kumkaribisha mtu mezani, na jina langu silinyamazii tena.

Jioni hiyo, tukisoma kitabu, Shiru alinivuta sikio akaninong'oneza maneno ambayo rafiki yake aliyasema akiaga.

"Usiambie Cucu." Ndivyo anavyomwita nyanya yake, mama mkwe wangu.

"Siambii."

"Na baba?"

"Hata baba."

Mengine yote nimeyaandika hapa. Hilo moja ni letu, na nimemwahidi halifiki kwa mtu mwingine.