Mkono wa Trekta kwa Mama Mkwe Matulo

Levi Wabwile ana mdomo. Yeye mwenyewe atakuambia hivyo kabla hujamuuliza, na akishakuambia atacheka mpaka ashike mbavu, maana mdomo huo umemponza kichwa tangu avae kaptura. Ni mkulima wa mahindi nje kidogo ya Kitale, mtu wa kawaida tu. Kanisani huimba besi ambayo hakuna aliyemwomba. Na tangu mwaka jana ana trekta ndogo ya mtumba anayoisifu kuliko wanawe. Nyuma yake hufungwa mkono mrefu wa chuma, wenye ndoo ya meno ya kuchimbia mitaro, kiti chake, leva zake, na miguu miwili ya kujishikilia ardhini. Pale Kitale anaitwa Baba Trekta. Jina hilo, tusidanganyane, alijipa mwenyewe.

Mdomo huo ndio uliompeleka Matulo kwa wakwe.

Mamake mkewe anaitwa Nakhungu, mjane anayeishi peke yake kwenye mteremko, na maji ya kunywa anayafuata kwenye chemchemi kule chini bondeni. Mvua za mwezi wa nne zilimwangusha na jerikeni mgongoni, akaumia goti. Tangu siku hiyo anatembea akishika kuta. Watoto walikaa kikao kwa simu, na Hillary, kifungua mimba wake aliyeko Nairobi, akakata kauli: Mama ahamie kwake, ghorofa ya nne, Jumamosi atakuja na gari kumchukua. Nakhungu alilia kwenye simu. Kuku wake nani atawalisha? Kaburi la mzee nani atalifagia?

Basi Levi, ambaye hakuwa ameulizwa kitu, akampokonya mkewe Roselyne simu. "Shemeji Hillary, si bomba la mradi wa maji linapita hapo juu barabarani? Mimi nachimba mtaro mpaka kwa mlango wa Mama, na paipu nanunua. Wewe ukuje upate kazi imekwisha!"

"Sawa, shemeji," Hillary akasema. "Nikipata mtaro umefika mlangoni, Mama anabaki. Nisipopata, tunaenda naye. Hakuna maneno mengine."

Roselyne alimpokonya mumewe simu yake. "Baba Trekta," akasema, "hii moja usiniaibishe."

Levi alitoka Kitale alfajiri ya Alhamisi, akapita Kiminini na Kamukuywa akipunga mkono kama anayegombea kiti, akaingia Matulo jioni mgongo umekufa ganzi. Ijumaa ilikuwa siku ya kuchimba. Sasa muulize Ijumaa alichimba nini! Hapa Levi husimamisha hadithi na kujipiga kofi la paji la uso. Shemeji yake Mukhisa, kaka mdogo wa Roselyne anayeishi ng'ambo ya kijito, aliizunguka trekta akasema, "Shemeji, hii kitu na huu mkia inakaa nge, bana." Neno hilo likamchoma. Ilikuwa siku ya soko. Levi akaona si vizuri wana Matulo waione trekta yake mara ya kwanza ikiwa nge. Akachomoa pini zinazofunga mkono kwenye trekta, akafungua paipu za oili, akauacha umesimama kwa miguu yake hapo kando ya jiko la mama mkwe, mahali palipotoka kuvunwa viazi vitamu, udongo laini kama uji. Kisha akafunga tela la kuazima akaenda kununua soda. Soko alilipita mara mbili, honi imeshikiliwa. Aliporudi, mvua ilikuwa inamwagika, na kazi ikaahirishwa mpaka kesho.

Kesho hiyo ilikuwa Jumamosi. Mguu mmoja wa ule mkono ulikuwa umezama ardhini, na chuma chote kimeinama upande kama mlevi anayetafuta ukuta. Levi alirudisha trekta nyuma taratibu. Tundu la pini la kushoto likakaribia, la kulia likawa liko angani. Akasogea mbele, akarudi tena. La kulia likakubali, la kushoto likakimbia. Aliweka jeki, jeki ikazama. Mukhisa akaleta majirani na mitaimbo, wakasukuma wakiimba, chuma hakikutikisika. Trekta nayo ilikuwa imesimama juu ya tuta, pua imeelekea mbinguni.

"Sukumeni kama wanaume!" Levi akafoka. "Ama hapa Matulo mnakula nini?"

Wimbo ulikatika. Mukhisa aliuweka mtaimbo chini polepole.

"Shemeji," akasema, "sisi tunaenda matanga hapo kwa jirani. Huko watu wanaongeleshwa vizuri." Wakaondoka wote, hata yule aliyekuwa anatazama tu.

Levi alibaki na tope mpaka magotini. Jua lilikuwa limeshapanda. Hillary alikuwa njiani. Kwenye kibaraza, sanduku la Nakhungu lilikuwa limeshafungwa kwa kamba ya katani, na kulitazama tu kulimuuma. Mama wa watu atatolewa kwake, alijiambia, kwa sababu mimi nilitaka kuonekana sokoni.

Pale nyumbani walikuwa wamebaki watu wawili, na wawili hao ndio hasa wasiotakiwa kuonana. Kwa akina Levi, mtu na mama mkwe hawatazamani usoni, hawasemezani, hawashikani mikono, hawaketi nyumba moja. Mkikutana njiani, wewe unajitosa kwenye mahindi mpaka apite. Wazee wanayo njia ya kuuondoa mwiko huo: mkwe analeta blanketi na mbuzi, watu wanakula, na kuanzia hapo mnasalimiana kama binadamu. Levi amekuwa akisema "mwaka ujao" tangu mtoto wake wa kwanza azaliwe. Mtoto huyo sasa ananyoa ndevu.

Kwa hivyo aliposikia kikohozi nyuma ya ukuta wa jikoni, aligeuka haraka akaitazama trekta.

"We kuku," sauti ya Nakhungu ikasema huko nyuma. Kulikuwa na kuku kweli, na vifaranga wake, wanaparura tope. "Hicho chuma si kina miguu? Mbona wanakibeba kama mgonjwa?"

Levi akasimama mdomo wazi. Kina miguu! Yule aliyemuuzia alikuwa amemweleza pole pole: penye ardhi mbaya usisukume, unganisha paipu za oili kwanza, halafu kaa kwenye kiti cha mkono wenyewe, uache miguu yake iuinue. Levi siku hiyo alikuwa anatikisa kichwa, ndio ndio, huku anajitazama kwenye kioo cha trekta. Ng'ombe mimi, alijisemea. Tena ng'ombe ana nafuu, huwa anatoa maziwa.

Aliweka mawe chini ya magurudumu, akakaza breki, akaunganisha paipu, akatia mbao pana chini ya ule mguu mwingine ili usizame. Akawasha injini, akapanda kitini nyuma, akavuta leva. Chuma kikaguna, kikajiinua kidogo kidogo. Lakini kutoka pale juu matundu ya pini hayaonekani, na hapakuwa na mtu wa kumtazamia.

"Trekta," Levi akasema kwa sauti, macho ameyaelekeza kwenye mlima Elgon, "lau kungekuwa na mtu wa kuona hilo tundu la chini!"

Mara akasikia kiganja kikipapasa ukuta, na miguu ikikokota.

"Kuku, mwambie tundu liko chini. Ainue upande wa jikoni."

Akainua.

"Amepitisha! Kuku, huyu mtu ana haraka ya nini? Arudi kidogo."

"Trekta, mwambie Mama nimerudi."

"Bado. Bado... Kuku, mwambie aache kuvuta hivyo, si anakamua ng'ombe. Hapo. Hapo! Asiguse kitu!"

Levi aliruka chini huku amejifunika uso kwa kofia, akapapasa mpaka akaipata pini. Iliingia bila hata nyundo. Ya pili ikafuata. Alitaka kupiga kelele za furaha, akakumbuka ni nani aliye nyuma ya ukuta, akaibusu kofia badala yake.

Kisha akachimba. Alichimba kutoka barabarani akishuka, hakula, hakunywa, soda zake za jana zikapata joto kwenye tela. Mara moja aling'oa mgomba, akauomba msamaha. Ndoo ya mwisho aliichota pale pale chini ya kibaraza, na gari la Hillary likawa linapiga kona getini.

Hillary alishuka na viatu vya mjini. Aliutazama mtaro kutoka juu hadi chini, akaufuata pembeni mpaka akafika mlangoni. Mtaro ulikuwa umepita katikati yake na sanduku. Levi alisimama nyuma ya gurudumu la trekta, kofia usoni. Alijua akisema neno moja ataharibu, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake hakusema.

Nakhungu alikuwa ndani, nyuma ya pazia la mlango.

"Kuku," akasema, "mwambie Hillary aruke aniingizie hilo sanduku ndani. Aruke vizuri, asiubomoe mtaro wangu."

Hillary alicheka, akavua viatu, akaruka.

Levi alijifuta uso na mkono wenye oili, machozi na tope vikachanganyika. Alikuwa anapanda trekta aondoke kimya kimya pazia lilipotikisika tena.

"Na kuku, mwambie huyo mwenye trekta blanketi langu liwe zito. Mwezi wa saba hapa kuna baridi, na mimi nitakuwa hapa."

Levi aliivuta kofia tena usoni. Alishika usukani kwa mikono yote miwili.

"Trekta," akasema, "mwambie Mama ni mwaka huu."