Kioo Kimwelekee Jirani

Wiki iliyopita nilimkuta mama mmoja mwenye cyber, duka la intaneti, pale Kawangware kwa fundi wa kompyuta, amekumbatia mashine yake kama mtoto mwenye homa. Alinyoosha kidole kwenye rafu. "Nataka hiyo casing ya kioo, yenye taa. Huyo wa cyber ya ng'ambo ya barabara, mbele yangu, ako nayo."

Fundi akaanza kuhamisha vitu kutoka kasha la zamani, akikipuliza vumbi kila kimoja. "Mathe, nisikudanganye. Haitakuwa fasta. Vitu za ndani ni zile zile."

"Kwani nimekuuliza kama itakuwa fasta?"

Fundi akacheka, kisha akagonga ubavu wa kasha jipya kwa bisibisi. "Kioo iko upande wa kushoto. Kwako, kushoto ni ukuta."

Mama akafumba macho kidogo, akaipanga upya cyber yake kichwani. "Nitageuza meza."

"Na customer?"

"Aangalie ukuta. Kwani ni yeye nataka aone?"

Jana nilipita kwenye cyber yake makusudi. Wateja walikuwa wamebanana pembeni, nyuso ukutani, na taa za buluu zinamulika barabarani. Ng'ambo, jirani alikuwa amepanda stuli, anatundika pazia mlangoni kwake.

Niliwacheka wote wawili hadi nyumbani. Kisha nikaketi kuandika haya kwenye kompyuta yangu ya kasha la kijivu, ambayo haijanikosea hata siku moja, nikajikuta nachungulia kama ubavu wake wa kushoto unaonekana kutoka dirishani.