Vidole Viwili vya Kilibula

Jumamosi, mwezi wa kumi na moja. Mvua ilishuka mapema toka milimani. Saa ine jua likatoka na ziwa likang'aa.

Mwanangu, minye sikusoma sana, na pengine haya ninayoandika hayana maana. Lakini kuna siku moja ya ujana wangu ambayo leo imerudi kuniuliza.

Wakati ule nilichunga antena juu ya nyumba moja ya mtaa wetu wa Kilibula. Ilipokea ishara za satelaiti usiku na mchana, ili wataalamu wajue kama udongo wetu unapanda, unashuka ao unasogea. Kazi yangu ilikuwa kuipangusa vumbi, kupima urefu wake kwa utepe na kuandika ndani ya kaye, lile daftari la kazi. Mkubwa wangu, marehemu Mzee Kabwe, alizoea kuniambia: "Weye andika hata upumbavu wako. Hesabu inaweza kuuondoa, lakini iambiwe ni wa siku gani."

Ah, ile miaka! Toka kule juu niliona mitumbwi yote ikirudi asubuhi, nikajiona mtu mukubwa.

Siku hiyo nilisimamisha ngazi vibaya. Ikagonga antena, nayo ikashuka karibu upana wa vidole viwili. Nikaikaza pale pale ilipofikia, sikupima, nikaandika: "Hakuna kilichobadilika." Niliwaza kumsingizia mbuzi wa jirani, lakini haki yake nampa: mbuzi yule hakupanda nyumba.

Leo Furaha, mtoto wa dada yangu, amekuja na ordinateri, kompyuta yake ya kazi. Yeye na wenzake wanachukua vipimo vyote vya zamani, wanavihesabu upya kwa njia moja, ili vya jana na vya leo vilingane.

"Mjomba, hapa Kilibula imeshuka vidole viwili kwa siku moja. Kulikuwa tetemeko? Nisipojua sababu, ile miaka yote iko ya kutupa."

Ningesema tetemeko, angeamini; hapa kwetu yanatokea. Lakini kule mtaa wa Mulongwe, kila mvua maji yakipanda, watu wanauliza kama mji unazama, na uongo wangu ndio ungewajibu. Nikaleta kaye yangu ya nyumbani, ile ya hali ya hewa na chakula. Tukapekua mpaka tukaona: "Jua kali. Nimegonga antena, nimenyamaza. Jioni bugali na ndagala wadogo wa ziwa."

Furaha akacheka mpaka machozi. "Kumbe dunia haikushuka, iko weye! Majuma matatu natafuta tetemeko, Mjomba!" Kisha akaandika ile siku na sababu yake polepole. "Sasa ile miaka itabaki."

Basi mwanangu, ukikosea, andika kosa lako siku ileile. Anayekuja nyuma yako akiambiwa, atalirekebisha. Asipoambiwa, atadhani dunia ndiyo iko hivyo. Mungu akupe mkono usioficha, na watu wa kukucheka kwa upole kama nilivyochekwa leo.

Jioni tumekula bugali na ndagala. Chumvi imezidi. Niliitia minye.