Mahindi ya Tabitha

Juzi nilimkuta dada yangu Tabitha huko Chepsaita akifunga mahindi ya mbegu juu ya jiko, na ule moshi ukanirudisha kwa nyumba ya mama, kwenye shamba la mzungu aliyemwajiri baba.

Mama alikuwa amening'iniza mahindi sita makubwa juu ya moto, yakawa meusi kwa masizi. Jioni aliyaonyesha kwa kijiti akipanga: mvua ikija yapandwe kwa kile kipande baba aliruhusiwa kulima, mavuno yalete mbuzi, mbuzi walete ndama, ndama ampeleke Tabitha shule. Mimi nilidhani ni hadithi. Mahindi yenyewe niliona yamesahauliwa, maana hata siku za njaa hakuna aliyeyagusa.

Alasiri moja, wote wakiwa wanapalilia kwa mzungu, niliyashusha. Nikayapukuchua, nikakaanga. Nyumba ilinukia vizuri, punje zikilia pa! pa! ndani ya sufuria.

Mama aliingia na jembe begani. Aliangalia kamba tupu kwanza, halafu mimi.

"Umeshiba?"

"Ndiyo, Mama."

Hakunichapa. Alipiga magoti, akaanza kuokota punje zilizoangukia majivuni, moja moja.

Ilibidi aanze upya. Ndama alipopatikana, Tabitha alikuwa ameshaolewa, kwa hivyo shule nilienda mimi.

Juzi, kabla sijaondoka, dada alitoa barua ya mtoto wake aliyeko kazini mbali.

"Nisomee basi," akasema, akinisogezea sahani ya mahindi ya kukaanga.