Mkia wa Tepu Nyeusi

Gereji nzima inamwita baba mkubwa Mkia, na wageni hudhani ni tusi. Jina limetokana na tepu. Mafundi umeme wa magari wakishaunga waya huuzungushia tepu nyeusi, wakaikata, basi. Baba mkubwa akifika mwisho huikunja ncha ya tepu, igandane yenyewe kwa yenyewe, kibaki kijikia cha kushika kwa kucha. Siku moja nilimwuliza cha nini.

"Cha mwenzangu atakayekuja kufungua. Asije akaingiza kisu, akakata waya mzima akitafuta mbovu."

"Na kama atakayefungua ni wewe mwenyewe?"

"Basi nitakuwa nimejihurumia."

Wenzake hawamwachi. "Mkia, leo umeacha mkia tu au na pembe?" Yeye hucheka kwa puani na kuendelea na kazi. Lakini aliyemtania kuliko wote alikuwa mdogo wake. "Kaka hafungi waya," alikuwa anasema, "anausuka kama nywele."

Huyo mdogo wake ndiye baba yangu.

Baba mkubwa ana vidole viwili vya mkono wa kulia visivyohisi kitu. Viliungua zamani, alipokuwa kijana akitengeneza redio za watu kibarazani kwao, baba akimshikia tochi. Mita yake ya kupimia umeme anaivalisha soksi ya mtoto, ya njano, isipate vumbi. Soksi hiyo ilikuwa yangu. Fyuzi iliyoungua anainusa kabla ya kuitazama, na ukimwuliza inanukaje atakupa uinuse na wewe. Tena hagusi gari la mtu mpaka amkalishe dereva kwenye stuli yake ya mbao na kumhoji kama daktari: lilianza lini, ulisikia nini, mkono ulikuwa wapi. Anasema gari ni bubu, kwa hiyo yeye huongea na mdomo wake, yaani dereva.

Miaka miwili iliyopita baba alinunua lori la dizeli lililokwisha kutumika, bila kumwambia kaka yake. Alilipeleka gereji likiwa na taa ya njano ya injini inayowaka bila kuzimika. Baba mkubwa akafungua dashibodi, akachungulia nyaya zilizoungwa ovyo na watu wasiojulikana, akasema mbele ya mafundi wote, "Mdogo wangu, umenunua jeneza la nyaya."

Watu wakaangua kicheko. Baba hakucheka. Alipanda lori lake akaondoka, na tangu siku ile kila taa, kila sensa, kila rilei alikuwa anahangaika nayo mwenyewe nyuma ya nyumba. Hakuna fundi mwingine aliyeruhusiwa kuligusa. Yeye na kaka yake hawakugombana tena, kwa sababu hawakuzungumza tena. Wakikutana walisalimiana kama watu waliopanga foleni moja.

Halafu baba akafa. Homa ya mapafu, siku tisa tu tangu aanze kukohoa. Msibani baba mkubwa alibeba jeneza upande wa mbele, nikamwona analishika kama kitu kinachounguza.

Lori likakaa nyuma ya nyumba miezi saba. Dereva mmoja aliyetaka kulikodi alikuja mara mbili. Starta ilizungusha vizuri, injini ikagoma. Mama akachoka kuliona. Akakubaliana na mnunuzi wa vyuma chakavu aje Jumamosi na mtungi wake wa gesi, alikate vipande.

Jumatano baba mkubwa akatokea, stuli mkononi, soksi ya njano mfukoni.

"Shemeji, nipe mpaka Jumamosi."

Mama alikuwa anaanua nguo. "Si ulisema ni jeneza?"

"Nilisema."

"Basi liache lizikwe."

Baba mkubwa hakuondoka. Alisimama pale kwenye kamba ya nguo, shuka linampigapiga usoni. "Nililidharau mbele za watu, shemeji, na yeye alikuwa analipenda. Likikatwa, mimi sitakuwa na pa kuanzia."

Mama akampa funguo bila kumtazama.

Siku ile alisafisha vichwa vya betri, akakwangua kutu pale waya wa betri unaposhikana na chasisi, akapima fyuzi moja moja. Lori likazungusha, halikuwaka. Alhamisi nilipotoka shule aliniambia anashuku sensa.

"Sensa si ile ya kuhesabu watu?"

Alicheka, mara ya kwanza tangu msiba. "Na hii inahesabu. Inahesabu mizunguko ya injini, inaipelekea habari kompyuta ya gari. Kompyuta isipopata habari inadhani injini imelala, haitoi dizeli."

"Kwa hiyo lori zima hili linangoja habari tu?"

"Linangoja habari."

Aliichomoa, akaipima, nzima. Akaweka nyingine hata hivyo. Halikuwaka.

Ijumaa nilimkuta shati limelowa mgongoni. Alikuwa amepima ule waya wa sensa kutoka mwanzo mpaka kwenye plagi ya kompyuta, na mita haikulia. Umekatika mahali, akaniambia, na unapita ndani ya fungu la nyaya nene kama mkono wake. Yule dereva wa kukodi naye alikuwa amekuja kuchungulia.

"Mkia, si upitishe waya mpya juu kwa juu? Nusu saa tu tumemaliza."

"Sifuniki kidonda nisichokiona. Kilichoukata huu kitaukata na mpya, na siku hiyo utakuwa mlimani na mzigo."

"Kesho kuna mtu anakuja na gesi, mzee. Kidonda utakiona kwenye vipande."

Baba mkubwa akakaa kwenye stuli kujifuta jasho. Akaitazama ile stuli, akaishika kingo zake. Nikaona uso wake unabadilika taratibu.

"Siku tatu," akasema. "Siku tatu napima, na sijamhoji dereva."

"Sasa dereva si ndiye..." yule mtu akaanza.

Baba mkubwa akainuka na kunionyesha stuli. "Kaa, mwanangu. Ulikuwa unapanda naye?"

"Siku za likizo."

"Akitaka kuwasha alikuwa anafanyaje? Usinifupishie."

Nikafumba macho. Nikamwambia baba hufunga mlango mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza haushiki. Hurekebisha kioo. Halafu huinama chini ya kiti.

"Kuokota nini?"

"Haokoti. Anasema, 'Ngoja nimkune.' Eti lori ni vivu, haliamki mpaka likunwe tumbo."

"Kila safari?"

"Kila safari. Na akishazima analikuna tena, eti lilale."

Nilikuwa nacheka kila mara. Nilipokuwa nasimulia pale kwenye stuli ndipo nilipotambua kwamba nimesema "anasema", kana kwamba bado anasema.

Baba mkubwa alipanda, akalala kifudifudi kwenye sakafu ya lori, mkono chini ya kiti cha dereva. Nikasikia kitu kidogo: tak. Nilidhani atashuka. Hakushuka. Soli za viatu vyake zilibaki zikitutazama muda mrefu, mpaka yule dereva akauliza kama ameumia.

"Njoo uone," akaniita, kwa sauti isiyo yake.

Nyuma ya bamba la kiti kulikuwa na swichi ndogo nyeusi. Baba alikuwa ameukata ule waya wa sensa na kuiweka swichi katikati, mwizi asiweze kuondoka na lori. Hapakuwa na ubovu wowote. Miezi saba lori lilikuwa linafanya lile aliloliambia lifanye: lisimwakie mtu mwingine.

Lakini baba mkubwa hakuwa ananionyesha swichi. Alimulika viungo viwili vya waya kando yake. Vilikuwa vimezungushiwa tepu nyeusi, nadhifu, na kila tepu mwishoni ilikuwa imekunjwa kijikia.

"Alikuwa anamwachia nani?" nikauliza. "Si alikuwa hataki fundi yeyote afungue?"

Baba mkubwa alikigusa kijikia kimoja kwa vile vidole visivyohisi, kisha akabadilisha mkono, akakigusa tena. Mabega yake yakaanza kutikisika, nikashuka.

Alipotoka alikwenda moja kwa moja jikoni kumwita mama. "Washa wewe, shemeji. Mimi siwezi." Mama akapanda na mikono yenye maji, tayari swichi imebonyezwa, akageuza ufunguo. Injini ikashika. Moshi mweusi ukaruka, mabeseni yaliyotundikwa ukutani yakagongana. Hakuna aliyeshangilia. Mama aliweka paji la uso kwenye usukani na kuliacha lori lingurume mpaka jirani akaja kuuliza kuna nini.

Jumamosi mnunuzi wa vyuma alifika na mtungi wake. "Samahani, kaka," mama alimwambia, "halijafa." Na yule dereva alipolikodi aliomba swichi itolewe, eti itamsumbua.

"Utajifunza kukuna," baba mkubwa akamjibu. Zile tepu hakuzifungua.

Siku lori linaondoka, nilimkuta amekaa kwenye stuli nyuma ya nyumba, juu ya ardhi yenye madoa ya oili. Akaniita, akanipisha kwenye stuli. Nikajua nahojiwa.

"Alikuwa ananitaja?"

Nilitafuta. Nilipitia likizo zote, safari zote, vituo vyote tulivyosimama kula. Nilitamani sana kumpatia hata neno moja.

"Hapana, baba mkubwa. Alikuwa hakutaji."

Akaitikia kwa kichwa polepole, kama afanyavyo anapoelezwa na dereva jambo lilivyokuwa. "Umefanya vizuri kuniambia," akasema. Akaichukua mita yake, akaivalisha soksi ya njano, na akakaa akiikunja ncha ya ile soksi, anaikunjua, anaikunja tena.