Jaribu Karungu Kwanza

Nilikuwa na kiburi, na sitaki mtu anitetee. Miaka ya tisini ilikuwa inaisha, mimi nimetoka chuoni juzi tu, nikaajiriwa Homa Bay na kampuni ya kununua mazao. Ofisi zetu za Karungu, Kehancha, Ndhiwa na Migori kila moja ilikuwa na ruta, kile kisanduku kilichopiga simu kwetu makao makuu ili kompyuta ziongee. Kukiwa na mabadiliko, fundi wetu mzee alipanda pikipiki akaenda ofisi moja, akabadilisha, akanywa chai akingoja kuona kama imeshika, akaandika kwenye daftari lake, ndipo akaenda nyingine. Wiki nzima! Nilimcheka mbele za watu.

Namba ya simu ya makao makuu ilipobadilishwa, niliandika programu fupi ya kuingia ruta zote nne na kuweka namba mpya kwa mkupuo mmoja. Tulikuwa wawili tu chumbani. Mzee akainama nyuma yangu.

"Nyathina, mwanangu, jaribu Karungu kwanza."

"Mzee, hii si pikipiki," nikamjibu, nikabonyeza.

Lo! Nilikuwa nimekosea tarakimu moja. Ruta zote zikakata, zikaanza kupigia nyumba ya mama mmoja pale mjini. Alikuja mwenyewe kulalamika kwamba kila akiinua simu anasikia mayowe ya mashine. Nami kutoka Homa Bay sikuweza tena kuzifikia, hata moja.

Meneja akatoka amefura. "Nani ameshika hizi mashine?" Akamgeukia fundi. "Si ni wewe mzee ulikuwa unazunguka huko wiki jana?"

Mzee aliniangalia mimi. Haki ya Mungu, nilikuwa na nafasi ya kutosha kusema ni mimi. Nikainamia kibodi nikajifanya natafuta kitu.

Akatumwa kurekebisha zote nne kwa mkono. Aliporudi, barua ya kufutwa kazi ilikuwa inamngoja. Alikusanya vitu vyake, daftari akaliacha juu ya meza yangu. Kwenye ukurasa wa mwisho aliandika namba sahihi, na chini yake: "Ilibadilishwa kutoka Homa Bay. Kijana atasema mwenyewe."

Sikusema. Nililifungia daftari kwenye droo, nikaendelea na kazi, nikapandishwa cheo.

Miaka michache baadaye tulimzika kwake Ndhiwa. Mjane wake alisimama akaomba radhi kwa niaba ya marehemu, kwa vile aliharibu mashine za watu. Kisha wakaita waliofanya kazi naye. Nikashika kipaza sauti, maneno yako mdomoni kabisa. Nikasema mzee alikuwa fundi mwangalifu sana, nikaketi.

Mjane alinifuata hadi kwenye kiti changu, akanishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Asante kwa kumsafishia jina, nyathina."